Kupanga bayomu za dunia ya mchezo kwa kutumia picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Picha inafanya kazi gani hasa?

Programu inayoumba dunia ya mchezo, kila inapofika sehemu mpya, lazima ijue bayomu yake, yaani aina ya mazingira: hapa ni jangwa, ni msitu, ni kinamasi au ni bahari? Kwa kawaida jibu hutokana na hesabu za nasibu zinazoanzia kwenye mbegu ya dunia, yaani namba ya kuanzia. Ukiipa picha, jibu hutoka kwenye pikseli. Programu huchukua kodineti za mahali hapo, huzigeuza kuwa nafasi kwenye picha, husoma rangi iliyopo, kisha huitafuta rangi hiyo kwenye orodha inayosema, kwa mfano, kwamba #FFE477 (namba ya rangi) ni jangwa.

Kwa programu hiyo, basi, picha yako ni jedwali la data. Kila pikseli ni seli moja na kila rangi ni alama ya bayomu moja. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha #004000 na #014000, lakini programu inaona vitu viwili visivyohusiana kabisa. Sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa hapa huzaliwa hapo: picha imeshughulikiwa kama mchoro wa kupendeza macho, ilhali ni data inayotakiwa kuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho.

Nikipaka bluu, nitapata bahari?

Si lazima, na hili ndilo linalowashangaza wengi mara ya kwanza. Picha ya bayomu hupanga udongo wa juu, mimea, wanyama, mvua na theluji, na rangi ya nyasi. Mwinuko wa ardhi unaweza kutoka kwingine kabisa.

Kuna mifumo ambayo kila bayomu hubeba hesabu yake ya mwinuko: ukipaka bahari, ardhi inashuka, ukipaka milima, inapanda. Minecraft ilikuwa hivyo kabla ya toleo la 1.18. Tangu 1.18 mwinuko na bayomu vimetenganishwa. Vyote viwili husoma hesabu zilezile za chini, lakini bayomu haiiamrishi ardhi ipande wala ishuke. Ukibadilisha chanzo cha bayomu peke yake, utapata bayomu ya bahari juu ya kilima kikavu, maana maji hujaa pale tu ardhi ilipo chini ya usawa wa bahari, ambao ni Y=63 (Y ni ya kwenda juu, X na Z ni za ulalo).

Kuna pia mifumo inayotumia picha mbili: moja ya bayomu na nyingine ya kijivu inayobeba mwinuko. Mchezo wa 7 Days to Die uko hivyo. Ndani ya folda ya dunia, biomes.png inapanga bayomu na dtm.raw inabeba mwinuko.

Kama mfumo wako ni wa picha mbili, tengeneza ya mwinuko kwanza. Iweke kama tabaka la chini kwenye programu ya kuchorea, kisha chora bayomu juu yake kwenye tabaka jingine. Hapo utaona wazi ufuko uko wapi na mlima unaanzia wapi, na theluji haitaangukia bondeni.

Picha ya mwinuko iwe ya biti 16. Ya biti 8 ina ngazi 256 tu. Ukiitandaza kwenye mwinuko wa mita 1,000, kila ngazi inakuwa karibu mita 4, na miteremko yote itaonekana kama matuta ya shambani. Ya biti 16 ina ngazi 65,536.

Nihifadhi picha kwa aina gani ya faili?

PNG ya biti 8 kwa kila chaneli, RGB, bila uwazi. Usitumie JPEG hata kwa muda mfupi.

JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria rangi zilizomo. Ndani ya eneo kubwa la rangi moja huenda usione kitu, lakini pale jangwa linapokutana na msitu hutokea mamia ya rangi za kati ambazo hazimo kwenye orodha yako. Kuigeuza JPEG hiyo kuwa PNG baadaye hakusaidii, kwa sababu PNG itahifadhi uchafu huo kwa uaminifu wote.

Uwazi nao una hila zake. Pikseli iliyo wazi kabisa bado ina rangi chini yake, na programu nyingine huisoma rangi hiyo bila kujali chaneli ya alfa, inayobeba uwazi. Unaona sehemu tupu, mchezo unaona nyeusi au nyeupe. Unganisha matabaka yote na uondoe chaneli ya alfa kabla ya kuhifadhi.

La mwisho ni profaili ya rangi. Programu ya kuchorea ikikuuliza kama ibadilishe profaili wakati wa kufungua au kuhifadhi, kataa. Kubadilisha kutoka sRGB kwenda Adobe RGB hubadilisha namba zenyewe, hata kama kwenye skrini rangi inaonekana ileile.

Nichoreje ili rangi zisichafuke?

Tumia penseli, si brashi. Kwenye GIMP na programu zinazofanana nayo, brashi hulainisha kingo kwa kuweka rangi za kati, wakati penseli huweka rangi uliyoichagua au haiweki kitu. Zima ulainishaji wa kingo kwenye kila zana inayokuwa nao: ya kuchagua eneo, ya maandishi na ya kujaza. Zana ya kuchagua isiwe na kufifisha kingo. Ndoo ya rangi iwe na kizingiti cha 0, vinginevyo itavuka mpaka na kumeza eneo la jirani lenye rangi inayokaribiana.

Unapokuza au kupunguza picha, chagua njia isiyokadiria rangi. Kwenye GIMP, Interpolation iwe None. Hali kadhalika unapozungusha kipande cha picha. Wengi hukumbuka wakati wa kukuza, wakasahau wakati wa kuzungusha.

Ukimaliza, hesabu rangi. Ukiwa na ImageMagick, programu ya kushughulikia picha kwa amri, andika hivi:

`magick ramani.png -format "%k" info:`

Namba itakayotokea ni idadi ya rangi tofauti. Kama umepanga bayomu 9 na amri inajibu 9, picha ni safi. Ikijibu 412, kuna kingo zilizolainishwa mahali fulani. Kusafisha, tengeneza picha ndogo yenye pikseli moja ya kila rangi halali, iite paleti.png, kisha:

`magick ramani.png +dither -remap paleti.png safi.png`

Kila pikseli itasogezwa kwenye rangi halali iliyo karibu nayo. Alama ya `+dither` ni ya lazima, kwani inazuia programu kutawanya nukta za rangi mbili ili kuigiza ya tatu. Baada ya hapo kagua mipaka kwa macho. Rangi ya kati baina ya njano na bluu inaweza kuwa karibu zaidi na kijani ya msitu, nawe ukajikuta na uzi mwembamba wa miti kati ya jangwa na bahari. Hakuna amri ya kuondoa kosa hilo kwa uhakika. Lililo bora ni kulizuia wakati wa kuchora.

Nichague rangi zipi?

Kama mchezo tayari una rangi zake, huna cha kuchagua. 7 Days to Die huzisoma kutoka biomes.xml, kwenye sifa iitwayo biomemapcolor:

- msitu wa misonobari: #004000
- msitu ulioungua: #BA00FF
- jangwa: #FFE477
- theluji: #FFFFFF
- nyika iliyoharibika: #FFA800

Jangwa na nyika iliyoharibika zote zinaelekea manjano, na ni rahisi kuzichanganya ukichagua rangi kwa macho. Andika namba kwenye kisanduku cha rangi.

Ikiwa orodha unaitunga mwenyewe, achana na uhalisia. Kijani tano za aina tano za msitu ni mtego. Ziachanishe: msitu wa mvua uwe kijani kali, msitu wa baridi uwe zambarau ikibidi. Tenga pia rangi moja ya kupiga kelele, kama #FF00FF, usiitumie kwa bayomu yoyote, na uifanye alama ya kosa. Programu ikikuta rangi isiyojulikana, iweke hapo kitu ambacho hakiwezi kupita bila kuonekana, na iandike kwenye kumbukumbu za makosa rangi hiyo pamoja na kodineti zake. Ukiiacha ichague tambarare kimyakimya, utakaa wiki nzima ukijiuliza kinamasi chako kimekwenda wapi.

Picha iwe na ukubwa gani?

Amua kwanza pikseli moja ifunike eneo gani. Minecraft huhifadhi bayomu kwa vipande vya bloku 4×4×4 (bloku ni mchemraba mmoja wa dunia yake) tangu toleo la 1.15, kwa hiyo picha yenye pikseli moja kwa kila bloku 4 inatoa undani wote ambao mchezo unaweza kuutunza. Picha ya 2048×2048 kwa kipimo hicho inafunika bloku 8,192 kwa 8,192. Kuchora pikseli moja kwa bloku moja kwenye mfumo huo ni kuongeza kazi mara 16 bila faida. Kwa 7 Days to Die, fanya biomes.png iwe sawa kabisa na ukubwa wa dunia: dunia ya 6144 ipate picha ya 6144×6144.

Dtm.raw haina kichwa cha faili kinachotaja upana na urefu, kwa hiyo ukubwa wake kwa baiti ndiyo njia ya kuikagua. Zidisha upana kwa urefu, kisha kwa 2. Dunia ya 6144 lazima itoe baiti 75,497,472. Ikipungua hata baiti moja, faili imehifadhiwa vibaya.

Fikiria pia kumbukumbu ya kompyuta. PNG yenye rangi chache hubanwa sana, na faili ya 8192×8192 inaweza kuonekana ndogo kwenye diski. Ikifunguliwa kama RGBA inachukua MiB 256. Igeuze mara moja, wakati wa kuanza, kuwa safu ya baiti moja kwa pikseli yenye namba ya bayomu, kisha uiachilie picha yenyewe. Utabaki na MiB 64, na kusoma kutakuwa kwa haraka zaidi kwa sababu hutafuti tena rangi kwenye orodha kila mara.

Ramani imegeuka juu chini, au kushoto kulia. Kwa nini?

Kwa sababu picha na dunia hazikubaliani mstari wa kwanza uko wapi. PNG huanza kuhesabu mistari kutoka juu. Kwenye Unity, injini ya kutengenezea michezo, amri ya GetPixels32 hurudisha mistari kuanzia chini. Kwenye Godot, injini nyingine, nukta (0,0) ya Image iko juu kushoto. Kwenye Minecraft, kaskazini ni upande wa Z hasi na mashariki ni X chanya, kwa hiyo picha iliyochorwa kaskazini ikiwa juu inaingia bila kugeuzwa: x ya picha ni X, na y ya picha ni Z.

Usibahatishe kwa ramani kamili. Chora picha ndogo, 64×64, yenye herufi F kubwa kwa rangi ya jangwa juu ya bahari. F haifanani na yenyewe ikigeuzwa, ikizungushwa au ikiangaliwa kwenye kioo, hivyo ukiiona duniani utajua mara moja kilichotokea. Urefu wa mguu wake utakupa kipimo pia: kama mguu una pikseli 40 na duniani una bloku 160, pikseli moja ni bloku 4. Dakika hizo chache ni bora kuliko kugeuza picha kubwa mara nne kwa kukisia.

Kuna ukanda wa ajabu unaokata katikati ya dunia, kwenye sifuri. Ni nini?

Ni mgawanyo wa namba hasi. Kwenye Java na C#, kugawa namba kamili huelekea sifuri: 3/4 ni 0, na -3/4 nayo ni 0. Kwa hiyo bloku kuanzia -3 hadi 3, bloku 7, zote zinaangukia pikseli namba 0, wakati pikseli nyingine zote zinapata bloku 4. Upande wote wa hasi nao unasogea kutoka mahali pake. Dawa ni mgawanyo unaoshuka chini daima. Java ina Math.floorDiv, kwenye C#, gawa kwa namba ya desimali kisha utumie Math.Floor.

Mpangilio kamili, kwa picha iliyowekwa katikati ya dunia, unakuwa hivi (kipimo ni idadi ya bloku kwa pikseli moja):

`px = floorDiv(X, kipimo) + upana / 2`
`py = floorDiv(Z, kipimo) + urefu / 2`

Kunatokea nini nje ya picha?

Lile ulilolichagua. Usipochagua, kuna hatari ya programu kuanguka kwa kusoma nje ya safu. Open Terrain Generator, programu-jalizi ya Minecraft ya kuumba dunia, katika hali yake ya FromImage, ina majibu manne yanayotosha kwa karibu kila mradi: Repeat hurudia picha, Mirror huirudia ikiwa imegeuzwa ili kingo zikutane, ContinueNormal huendelea na uumbaji wa kawaida, na FillEmpty hujaza bayomu moja iliyotajwa kwenye ImageFillBiome.

Kwa kisiwa, jaza bahari. Ukichagua uumbaji wa kawaida uendelee, jua kwamba mpaka utakuwa mstari mnyoofu kama uliochorwa kwa rula, isipokuwa picha yako yenyewe imezungukwa na bahari pana.

Mipaka ya bayomu ni ya ngazi-ngazi. Nilainishe picha?

Hapana. Ukiilainisha unazaa rangi za kati, na rangi ya kati haina maana. Mfano wake ulio wazi uko kwenye namba za zamani za bayomu za Minecraft: jangwa 2, milima 3, msitu 4. Wastani wa jangwa na msitu ni 3. Ukilainisha mpaka wao, unapata safu ya milima ambayo hukuichora.

Linalofaa ni kuyumbisha kodineti kabla ya kusoma picha. Chukua noizi mbili laini (namba za nasibu zinazobadilika polepole), moja ya X na moja ya Z, ziongeze kwenye kodineti, ndipo usome pikseli. Rangi zinabaki safi, ila mstari wa mpaka unapindapinda kama mpaka wa kweli:

`X2 = X + nguvu * noiziA(X / urefuWimbi, Z / urefuWimbi)`
`Z2 = Z + nguvu * noiziB(X / urefuWimbi, Z / urefuWimbi)`

Kwa pikseli ya bloku 4, nguvu ya 6 hadi 10 na urefu wa wimbi wa 40 hadi 60 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa pikseli ya bloku 16, panda hadi nguvu ya 20 au zaidi na urefushe wimbi kwa uwiano huohuo. Nguvu isizidi takriban robo ya urefu wa wimbi. Ikizidi hapo, noizi inaanza kujikunja juu yake yenyewe, mipaka inakatika vipande, na unapata visiwa vidogo vya jangwa vilivyotupwa ndani ya msitu. Noizi A na B ziwe na mbegu tofauti, la sivyo kila kitu kitayumba kwa mshazari mmoja.

Mpaka umekuwa ukuta wa mwamba ulionyooka. Nifanye nini?

Hili huwapata wanaotumia mifumo ambayo bayomu inaamua mwinuko. Jangwa linasema ardhi iwe 70, mlima unasema 130, na pikseli mbili jirani zinazaa genge la bloku 60.

Changanya mwinuko, kamwe usichanganye bayomu. Kwa kila mahali, soma bayomu kwenye nukta kadhaa zinazozunguka, tuseme 5×5, yaani nukta 25, zikiachana kwa bloku 4. Hesabu kila bayomu ina nukta ngapi, ugawe kwa jumla ya nukta, ndio uzito wake. Kisha kokotoa mwinuko wa kila bayomu mara moja tu, uzidishe kwa uzito, ujumlishe. Nukta 15 zikiwa jangwa na 10 mlima: 0.6 × 70 + 0.4 × 130 = 94. Unapotembea kutoka jangwani kuelekea mlimani, namba hiyo inapanda polepole badala ya kuruka.

Mlima wa bloku 60 kwenye upana wa mchanganyiko wa bloku 16 bado ni mkali. Ongeza nafasi kati ya nukta kabla ya kuongeza idadi yake: 5×5 zikiachana kwa bloku 12 zinafunika eneo pana zaidi kwa gharama ileile. Ukiona vijingazi kwenye mteremko, hapo ndipo uongeze nukta, au uzipe zilizo karibu na katikati uzito mkubwa kuliko za pembeni.

Pale ambapo mwinuko unatoka kwenye picha ya pili, tatizo hili halipo.

Mto wangu umekatika vipande.

Umeuchora kwa upana wa pikseli moja, nao unapokwenda mshazari pikseli zinagusana kwa pembe tu. Chora mito kwa pikseli 3 au zaidi. Ukitumia uyumbishaji ulioelezwa hapo juu, hakikisha wimbi ni refu kuliko upana wa mto. Na kumbuka suala la mwinuko: mto uliopakwa juu ya mteremko bila kuchimbwa kwenye picha ya mwinuko utakuwa ukanda mkavu wenye jina la mto.

Nimeagiza picha kwenye Unity na rangi zote zimeharibika.

Mipangilio ya kawaida ya Unity imetengenezwa kwa ajili ya picha za kutazamwa, si data. Badilisha hii:

- Max Size: kawaida ni 2048. Picha ya 4096 itapunguzwa bila kukuuliza. Ipandishe.
- Compression: None.
- Filter Mode: Point.
- Generate Mip Maps: zima.
- Non-Power of 2: None, la sivyo picha ya 3000×3000 itavutwa kufikia kipimo kingine.
- Read/Write: washa, vinginevyo msimbo hauwezi kusoma pikseli.

Kwenye msimbo, tumia GetPixels32 inayorudisha baiti, na ulinganishe namba kamili. GetPixels hurudisha desimali kati ya 0 na 1, na kulinganisha desimali kwa usawa kamili ni kutafuta makosa yanayojificha. Kwenye Godot ni vilevile: get_pixel inatoa desimali, kwa hiyo linganisha kwa r8, g8 na b8.

Unreal, injini nyingine ya michezo, ina mtindo mwingine. Mandhari yake hupokea picha moja ya kijivu ya biti 8 kwa kila tabaka la udongo, ambapo nyeupe ni tabaka kamili na nyeusi ni bila tabaka. Ramani yako ya rangi 6 igawe kuwa picha 6 za nyeusi na nyeupe. Hapa kulainisha kunaruhusiwa, maana kijivu ni uzito wa tabaka, na nusu ya mchanga juu ya nusu ya nyasi ni kitu chenye maana. WorldPainter ya Minecraft nayo hupokea picha za kijivu kwa matabaka yake kwa mantiki hiyohiyo.

Nimebadilisha picha lakini dunia ya Minecraft imebaki vilevile.

Chanki (vipande vya dunia) zilizokwisha kuumbwa zimehifadhiwa kwenye diski pamoja na bayomu zake. Mchezo hauulizi picha tena. Picha mpya inaathiri sehemu ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia.

Kuumba upya eneo fulani, zima seva, tengeneza nakala ya folda nzima ya dunia, kisha futa faili za .mca zinazohusika. Kila faili ina chanki 32×32, yaani bloku 512×512. Gawa X na Z kwa 512 ukishuka chini: X=1000, Z=-1 iko kwenye r.1.-1.mca. Kila kilichojengwa hapo kinapotea pamoja nayo. Futa majina hayohayo kwenye folda za entities na poi pia, kama zipo, ili wasibaki viumbe wa dunia iliyokwisha kuondoka.

Kama unataka kubadilisha bayomu bila kugusa majengo, amri ya /fillbiome ipo tangu toleo la 1.19.3. Haibadilishi udongo wala miti. Itabadilisha rangi ya nyasi, mvua na viumbe wanaozaliwa. Kikomo chake cha kawaida ni bloku 32,768 kwa amri moja, kwa hiyo eneo kubwa linahitaji amri nyingi.

Naweza kutumia ramani ya tabianchi ya dunia halisi?

Ndiyo, na mpango wa Köppen-Geiger ndio unaofaa zaidi kwa kuwa umeigawa dunia katika aina 30 zilizo wazi. Tafuta data ghafi, yaani picha ambayo kila pikseli ina namba ya aina, si ramani ya kitabuni. Ramani ya kitabuni ina majina ya nchi, mistari ya mipaka na kivuli cha milima, na kila kimoja kitageuka bayomu. Aina 30 ni nyingi kuliko bayomu zako, kwa hiyo andika jedwali la kuziunganisha: majangwa yote mawili, ya joto na ya baridi, huenda yakawa kitu kimoja kwenye mchezo wako.

Ramani ya mstatili yenye latitudo na longitudo zilizoachana sawasawa huvuta maeneo ya karibu na ncha za dunia kwa upana. Eneo lililo kwenye latitudo ya 60 litaonekana pana mara mbili ya lilivyo.

Kuna njia ya kuepuka orodha ya rangi kabisa?

Ipo, na kwa dunia kubwa tunaiona ni bora zaidi. Badala ya picha moja ya bayomu, chora mbili za kijivu: joto na mvua. Mahali penye joto 220 na mvua 30 ni jangwa. Joto 220 na mvua 230 ni msitu wa mvua. Joto 20 ni tundra, iwe mvua nyingi au chache. Ni wazo la mchoro wa mwanaikolojia Robert Whittaker, aliyepanga bayomu kwa wastani wa joto na mvua.

Faida yake ni kwamba joto na mvua ni vipimo. Wastani wa nyuzi 10 na 20 ni 15, na 15 ina maana. Unaweza kulainisha picha hizi upendavyo, kuzikuza na kuziongezea noizi, nazo hazitazaa kosa. Unaweza pia kupunguza joto kadiri ardhi inavyopanda, takriban nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila mita 1,000 kama ilivyo katika hewa halisi, na theluji itakaa yenyewe kwenye vilele bila wewe kuichora.

Hasara yake ni kupoteza amri ya moja kwa moja. Ukitaka kinamasi mahali hasa fulani, itabidi uweke picha ya tatu ya sehemu maalumu, inayosomwa kwanza: nyeusi ikimaanisha fuata joto na mvua, rangi nyingine yoyote ikimaanisha bayomu iliyotajwa.

Na mapango?

Picha ni bapa. Inajua X na Z, haijui kina. Kwa bayomu za chini ya ardhi weka kanuni ya mwinuko: chini ya kiwango fulani, acha picha ya juu na usome picha ya pili ya mapango. Kwenye Minecraft tangu 1.18 dunia inashuka hadi Y=-64, na bayomu hutunzwa kwa pande zote tatu, kwa hiyo hilo linawezekana. Usipofanya hivyo, bayomu ya juu inashuka hadi chini kabisa, na bayomu za mapango hazitatokea popote ndani ya eneo la picha.

Wachezaji wanaojiunga na seva wanahitaji kuwa na picha?

Hapana. Seva ndiyo inayoumba dunia na kuwatumia chanki zilizokamilika. Picha ikae kwenye seva tu, na kwa muda wote dunia hiyo itakapotumika: ukiiondoa, sehemu mpya zitaumbwa kwa kanuni nyingine na utaona mshono mahali zilipokutana na za zamani. Hifadhi pia faili asilia yenye matabaka, pamoja na orodha ya rangi na kipimo ulichotumia, kwenye folda moja na nakala za dunia.